Gego Lililoshika Ulimi

Jino lilikuwa limelazwa jikoni, ndani ya beseni la bluu, limefunikwa taulo lenye unyevu hadi shingoni kama mgonjwa wa homa. Inspekta alikuwa amekaa mbele yake mpaka chai aliyotengewa ikapoa.

Huyu ndiye Inspekta Kinyonga. Jina hilo hakupewa na mama yake, alipewa na wezi. Jicho lake la kulia lilikuwa na kazi zake na la kushoto lilikuwa na zake, na mtu aliyehojiwa naye hakujua ajitetee mbele ya lipi. Inasemekana, nami sioni sababu ya kubisha, kwamba aliwahi kumkamata mwizi wa baiskeli na mnunuzi wake wakiwa ncha mbili za soko, kwa mtazamo mmoja, bila kugeuza shingo.

"Lifunue," alimwambia Koplo.

Koplo, mwanamke wa makamo mwenye viatu vizito na subira nyepesi, alilivuta taulo kwa ncha za vidole. Kilichokuwa chini yake kilikuwa kikubwa kama mkate mzima na kizito kama pasi ya mkaa. Juu kilikuwa na mistari ya matuta, mfano wa soli ya buti. Chini kilikuwa na shina nene lililochongoka. Pembe moja ilikuwa imemeguka.

"Hili ni jino, afande?" Koplo aliuliza. "La nani, la nyumba?"

"La tembo wa kale," alijibu mwenye jiko. "Gego. Kama ni jino kweli."

Mwenye jiko aliitwa Sista, maana alikuwa muuguzi hadi alipostaafu. Nusu ya mtaa ule ilikuwa imechomwa sindano na mkono wake, Koplo akiwemo, na ndiyo sababu Koplo alichagua kusimama.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Mtaani palikuwa na chama cha wazee waliozoea kutembea kando ya kijito kuokota visukuku, yaani mifupa na meno ya wanyama wa zamani yaliyokwisha kugeuka mawe. Vilivyo bora viliwekwa kwenye chumba cha makumbusho nyuma ya maktaba, na kilicho bora kuliko vyote kilikuwa gego la tembo ambalo wanachama walilipenda hadi wakaliita Babu. Jumatatu Babu hakuonekana kabatini. Kufuli lilikuwa zima. Funguo za chumba zilikuwa kwa watu wawili tu: Sista, na shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe, ambaye ndiye mtunza chumba. Jumatano jirani aliingia jikoni kwa Sista kuazima chujio, akaona kilichomo kwenye beseni, akapiga yowe lililowaamsha hata waliokuwa macho. Shemeji aliitwa. Alichungulia kutoka mlangoni, akasema, "Ndiye Babu," akaondoka.

Kama Inspekta asingepata la kubadilisha neno hilo, kesho asubuhi Sista angesimama mahakamani kama mwizi.

"Lilifikaje hapa?" Inspekta aliuliza.

"Kwa mikono yangu miwili na mgongo wangu mmoja. Nililitoa kijitoni Jumamosi, chini ya daraja la miguu, pale ukingo ulipobomolewa na mvua."

"Nani alikuona?"

"Ng'ombe. Hawakuuliza kitu."

"Na hukumwambia mtu wa chama? Wala shemeji yako?"

Sista alipangusa meza ambayo tayari ilikuwa safi.

"Mwaka jana niliwapelekea jino la kiboko, Inspekta. Nilikuwa nimelilaza kwenye pamba. Likaja kuwa kipande cha sinki. Tangu siku hiyo mimi ni Mama Sinki. Kwenye mazishi ya mume wangu mtu mmoja alinishika mkono kwa huzuni kabisa, akaniambia, 'Pole sana, Mama Sinki.'"

Koplo aligeukia dirishani ghafla, mabega yakimtikisika.

"Walijuaje kwamba ni sinki?"

"Shemeji alililamba. Mfupa wa kale una vitundu vidogo vidogo, unanyonya mate, unashika ulimi. Jiwe halishiki. Sinki halishiki. Yeye analamba kila kitu, ndiyo maana wanamwita Mzee Ulimi. Wanachama wote wanalamba. Ila mimi."

"Wewe kwa nini hulambi?"

"Nimekuwa muuguzi maisha yangu yote. Kitu kilichotoka kwenye matope ambamo ng'ombe wanajisaidia, nikitie mdomoni? Nilisema safari hii nitalikausha, nilitazame vizuri mwenyewe, nikiwa na hakika ndipo niwaoneshe. Sikutaka kuchekwa tena."

"Taulo ni la nini?"

"Kitu kilichokaa kwenye unyevu karne na karne ukikikausha ghafla kinapasuka. Unakitoa kidogo kidogo, kama mgonjwa anayeruhusiwa kutoka wodini."

"Babu alikuwa mkavu," Inspekta alisema taratibu. "Alikaa kabatini miaka. Mwizi wa Babu angehitaji taulo la nini?"

"Angehitaji taulo la kutudanganyia," Koplo alisema kutoka dirishani. "Anayejua habari ya kukausha anajua pia kulowesha."

Inspekta alitikisa kichwa kukubali. Lilikuwa jibu zuri, na halikumsaidia mtu yeyote humo jikoni.

"Sista, tufanye hivi. Rudisha taulo, lakini shina liache wazi, lielekee dirishani. Twende kijitoni."

"Likipasuka?"

"Likipasuka nitasimama mahakamani mimi."

Kijito kilikuwa na maji ya kufunika vifundo tu, yakipita juu ya changarawe kwa sauti ya mtu anayeongea peke yake. Inspekta alikunja suruali na kuingia, akionesha miguu ambayo umma ulikuwa haujawahi kuiona na ungeweza kuendelea kuishi bila kuiona. Sista alitangulia kwa hatua fupi za mtu anayejua jiwe lipi linateleza.

"Usitafute rangi," aliwaambia bila kugeuka. "Maji haya yanatia weusi kila kitu. Tafuta umbo ambalo mto hauwezi kulichonga wenyewe. Matuta yanayofuatana. Vitundu. Kitu kizito kuliko unavyokitarajia."

Inspekta aliinama, akachomoa kitu cheusi chenye matuta yanayofuatana, akakiinua juu.

"Hiki?"

Sista alikitazama. "Kisigino cha kiatu."

"Mama Sinki," Koplo alisema, "amempata Baba Kisigino."

Chini ya daraja la miguu mambo hayakuwa mazuri. Ukingo ulikuwa umebomoka mara ya pili, na shimo ambalo Sista alisema alilitoa jino lilikuwa limefukiwa. Kulibaki ukuta wa udongo wa mfinyanzi, wa rangi ya kijivu iliyoelekea bluu kidogo. Inspekta alibandua bonge, akalisugua kati ya vidole, akakumbuka uchafu uliokuwa umejaa kati ya matuta ya lile gego jikoni. Rangi ilikuwa moja.

"Udongo ni ule ule," alisema.

"Na Babu alitoka wapi, afande?" Koplo aliuliza.

Aliyejibu ni Sista, tena bila kuulizwa.

"Hapa hapa. Kabla mimi sijaolewa. Shemeji ndiye aliyemwokota."

Koplo alifungua mikono kama mtu anayeonesha kwamba hana kitu. Inspekta alilitia bonge la udongo mfukoni, likamlowesha paja, wakapanda juu.

Chumba cha makumbusho kilinuka vanishi tangu nje. Mzee Ulimi aliwafungulia mwenyewe. Alikuwa mrefu, mwembamba, amefunga vifungo vyote vya shati. Zamani alikuwa fundi redio, na kwa kazi hiyo alipima betri kwa ncha ya ulimi: ikimtekenya ni nzima, ikinyamaza imekufa. Watu huapa kwamba betri moja kali ilimrusha hadi dukani kwa jirani, na kwamba aliondoka huko akiimba taarifa ya habari. Alipostaafu, ulimi ulikataa kustaafu naye. Ukahamia kwenye mifupa.

Alimwamkia Inspekta, akamwamkia Koplo. Sista, aliyebaki mlangoni, alimpungia tu mkono.

"Shemeji," Sista alisema.

"Shemeji," mzee alijibu, akitazama kufuli.

Inspekta alifuta viatu vyake vyenye matope mlangoni na kukuta anafuta kwenye sakafu tupu. Akaomba radhi. Mzee akasema si kitu.

Kabati la kioo lilikuwa katikati, na ndani yake kitambaa cheupe chenye bonde mahali Babu alipokuwa akilala. Ukutani palikuwa na picha ya Babu, ila ilimwonesha zaidi mzee kuliko jino: meno yake yote kwa furaha, na mkono wake ukifunika nusu ya gego. Chini ya dirisha palikuwa na meza ya kazi, burashi, na kopo la vanishi.

"Nifundishe, mzee," Inspekta alisema. "Mimi leo nimeokota kisigino."

Uso wa mzee ulifunguka. Alikuwa mwalimu mzuri, na kila alichokijua Sista alikuwa amekipata kwake. Alichukua trei ya vitu vilivyokuwa havijapangwa, akaweka kiganjani mwa Inspekta vipande viwili vilivyofanana kama pacha.

"Pima uzito. Tazama pale palipovunjika: hiki kina vitundu kama mkate, hiki kimejaa. Sasa, ulimi."

Kimoja kilianguka. Cha pili kilining'inia kwenye ulimi wa Inspekta wa serikali, naye akakaa hivyo kidogo, jicho moja likimtazama mzee na jingine likitazama chini ya meza.

"Mfupa," alisema alipokitoa. "Naomba nijaribu na kimoja cha kabatini."

Mzee alimpa ubavu wa swala wa kale. Inspekta alilamba. Uliteleza na kumwachia uchungu mdomoni.

"Huo haushiki, Inspekta. Nimeupaka vanishi. Kila kinachoingia kabatini napaka, mashina na mapengo yote, vinginevyo vinamomonyoka."

"Hata Babu?"

"Babu ndiye wa kwanza! Kila mwaka koti jipya. Alikuwa anang'aa kama kiatu cha bwana harusi."

"Na mwaka huu?"

"Nilikuwa..." Mzee alirudisha trei mezani na kuinyoosha, kisha akainyoosha tena. "Nilikuwa bado sijafikia."

Inspekta alichutama kufunga kamba ya kiatu. Chini ya meza ya kazi palikuwa na kizulia cha kufutia miguu, mbali na mlango wowote. Aliinua ncha yake. Kigae cha sakafu kilikuwa kimebonyea na kupasuka kama kilichopigwa nyundo, ufa wake bado mweupe, na pembeni palikuwa na tone la vanishi lililokauka. Alirudisha ncha, akamaliza kamba.

"Mzee, jana ulimtambua Babu kutoka mlangoni. Sheria inataka umtambue kwa karibu, mbele ya Koplo. Twende mara moja kwa Sista, halafu sitakusumbua."

"Ni lazima?"

"Vinginevyo kesho hakimu ataniuliza, na mimi sijui kusema uongo. Macho yangu yananiumbua."

Jikoni jua lilikuwa limefika kwenye beseni. Shina la gego lilikuwa limekauka na kupauka, na halikuwa na ufa. Sista aliligusa kwanza kabla ya mtu mwingine, akashusha pumzi.

"Chukua muda wako," Inspekta alimwambia mzee. "Niambie ni nini, kisha uniambie ni la nani."

Mzee Ulimi aliliinua. Mikono ilimtulia papo hapo, kama mikono ya fundi inavyotulia ikipata kifaa. Aligeuza juu, akahesabu matuta kwa kidole. Akageuza ubavuni, akapuliza vumbi. Kisha, bila kufikiri, kwa mazoea ya maisha mazima, akaweka ncha ya ulimi kwenye shina.

Lilishika. Mzee alifumba macho. Furaha iliyomjia usoni ilikuwa ya kweli kabisa, na wote walioiona wanaikumbuka hadi leo.

"Halisi," alisema. "Tembo. Gego zuri mno."

"Limeshika?"

"Limeshika barabara."

"Na vanishi iko wapi?"

Bomba la sinki lilidondosha tone moja, likanyamaza.

"Atakuwa ameitoa," mzee alisema. "Kwa spiriti. Muuguzi hakosi spiriti."

"Inawezekana." Inspekta alitoa mfukoni bonge la udongo, akaliweka mezani kando ya gego. "Ila kati ya matuta pamejaa udongo huu, hadi ndani kabisa. Babu alisafishwa. Babu alipakwa koti kila mwaka. Kwa hiyo Sista aliivua vanishi kwenye kila kitundu, akaenda kijitoni, akachota udongo, akaurudisha ndani kwa sindano, akafunika taulo, halafu akaacha mlango wazi ili jirani aingie kuazima chujio."

"Mimi niliona pembe tu," mzee alisema. "Babu amemeguka pembe. Hili nalo limemeguka pembe."

"Ndiyo, uliona pembe. Na mimi niliona kizulia. Mzee, kizulia cha mlangoni kinafanya nini chini ya meza yako?"

Mzee aliliweka gego ndani ya beseni polepole mno. Alivuta taulo akalifunika hadi shingoni, kama alivyolikuta.

"Liliteleza," alisema. "Vanishi ilikuwa mbichi."

"Jumapili?"

"Jumapili. Niliyemwokota ni mimi, na niliyemwangusha ni mimi. Niliona bora aseme mtu kwamba ameibiwa. Kuibiwa kunampata kila mtu."

Sista alikuwa amesimama, kitambaa cha meza kimekunjwa mkononi. "Na mimi je?"

"Wewe sikukutaja, shemeji! Nilisema mwizi tu, mwizi yeyote, mwizi wa mbali. Halafu jirani akapiga yowe lake, wakaniita, nikachungulia, nikaona gego. Nikasema moyoni, watalichukua, watalirudisha kabatini, watampa onyo, yaishe. Kila mtu anajua wewe si mwizi."

"Kila mtu anajua?" Sista hakupandisha sauti. "Yule jirani tangu jana nikipita anafunga dirisha. Mtu niliyemzalisha watoto wake wote. Kesho ningesimama kizimbani, shemeji, kwa ajili ya kigae cha sakafu."

Mzee aliinyoosha tena ncha ya taulo.

"Vipande viko wapi?" Inspekta aliuliza.

"Dukani kwangu. Ndani ya ile redio kubwa ya mbao. Nilitoa matumbo yake."

Duka lilikuwa ng'ambo ya barabara. Koplo alirudi amekumbatia redio kama mtoto aliyelala, akaifungua mgongo mezani. Babu alitoka vipande vinne vikubwa na vumbi, aking'aa, amevingirishwa kwenye flana. Kisha Sista alivuta kiti, akaketi, akaanza kuviunganisha bila gundi, kwa kuvishikilia tu, kama alivyoshikilia mikono mingi iliyovunjika katika maisha yake. Mzee, bila kuombwa, aliweka kidole palipohitaji kidole.

Babu aliposimama kamili, Inspekta alilitoa lile gego la beseni na kulilaza ubavuni pake. Ukubwa ulikuwa mmoja. Idadi ya matuta ilikuwa moja. Lakini la kwanza lilipinda kuelekea kushoto na la pili lilipinda kuelekea kulia, na pembe zilizomeguka zilitazamana kama miimo ya mlango mmoja.

"Jicho langu hili linaona Babu," Inspekta alisema, "na hili linaona Babu. Ila leo ni mara ya kwanza yanaona vitu viwili na yote mawili yana haki."

Mzee alikuwa ameinama hadi pua inakaribia meza.

"Kulia na kushoto," alinong'ona. "Shemeji. Taya moja. Ni mnyama yule yule. Nimelitafuta hili tangu nina nywele."

"Ulikuwa unalitafuta," Sista alisema, "na lilipopatikana ukataka kunifunga nalo mimi niliyelipata."

Inspekta alikunjua miguu ya suruali yake iliyokuwa bado imekunjwa.

"Sista, kesho huendi popote. Mzee, kuripoti wizi ambao haukutokea nako kuna kifungu chake. Utakuja kituoni asubuhi kwa miguu yako, ukaeleze wewe mwenyewe."

"Nitakuja."

"Nitakuja naye," Sista alisema. "Ana presha, akiachwa peke yake atawaangukia. Na tukitoka huko tunapita kwa jirani, atamweleza na yeye, mlangoni, kwa sauti kubwa kama ya yowe la huyo jirani. Halafu Jumapili ataueleza mkutano wa chama. Kwanza kabisa atawaeleza ni nani aliyeliokota la pili."

"Nitawaeleza, Mama Si..." Mzee alijishika mdomo. "Nitawaeleza, shemeji."

Koplo alikuwa ameshika kofia mkononi, lakini hakuondoka. Sista alikuwa amechukua gego lake. Alilipeleka kwenye bomba, akasugua ncha ya shina kwa sabuni, akaisuuza kwa maji ya birika yaliyochemka, akaipangusa kwa kitambaa safi, akaipepea karibu na dirisha hadi ikakauka tena. Alifanya yote hayo kwa mpangilio wa mtu anayeandaa sindano, na Koplo, kwa mazoea ya zamani, alirudi nyuma hatua moja.

Kisha Sista akatazama mlangoni kama kuna mtu wa kumcheka. Hapakuwa na mtu. Akafumba macho, akatoa ulimi, akalamba.

Walisubiri. Alibaki hivyo muda mrefu kuliko kipimo kilivyohitaji, ulimi umeshikwa, na alipojaribu kusema neno, hakuna aliyemwelewa, na hakuna aliyehitaji kuelewa.